Kuwaka Si Uzima: Uchambuzi wa Upimaji wa Dayodi za Leza Zilizochomolewa kwenye Deki

Enzi ya deki za DVD inafika ukingoni. Vibanda umiza vimehamia kwenye flashi, wakodishaji wa filamu wamefunga milango, na kompyuta mpakato mpya zinatoka kiwandani bila kinywa cha kumeza sahani. Kilichobaki ni marundo ya mashine kwenye mabenchi ya mafundi na kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndani ya kila mashine mna kikopo cha metali cha ukubwa wa punje ya hindi, nacho ndicho dayodi ya leza. Mwanafunzi anayetaka kuunda kengele ya mwizi inayolia mwali unapokatwa, kijana anayetaka mashine ndogo ya kuchora kwenye mbao, na mwalimu wa fizikia ambaye shule yake haina fungu la vifaa vya maabara, wote wanaweza kukipata kikopo hicho karibu bure.

Mkanganyiko unaanza hapo hapo. Je, dayodi hiyo ni nzima? Fundi mmoja ataiweka kwenye mita na kusema imekufa kwa sababu mita haikuonyesha kitu. Wa pili ataigusisha betri, aone nukta nyekundu, aseme ni nzima kabisa. Wa tatu atashikilia kwamba bila kudhibiti mkondo na kuchora grafu hakuna anayeweza kujua lolote. Wa nne atashauri itupwe, inunuliwe mpya. Kila mmoja ana sababu zake, na kila mmoja amewahi kupatia. Ndiyo maana anayejifunza hubaki njia panda, akaua dayodi tatu nne kabla ya kujua kosa lilikuwa wapi.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba wanne hao hawajibu swali moja. Neno "nzima" hapa linabeba maswali matatu: je, umeme unapita ndani ya dayodi inavyotakiwa? Je, kinachotoka ni leza kweli au ni mwanga wa kawaida tu? Na je, itadumu? Kila kipimo kina swali lake, na madhara huja pale jibu la swali moja linapochukuliwa kuwa jibu la jingine.

Usuli: dayodi hizi zimetoka wapi

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, kwa kutumia fuwele ya yakuti. Mwaka 1962 Robert Hall na wenzake wa General Electric walipata mwanga wa leza kutoka kwenye kipande cha semikondakta, lakini kipande hicho kilihitaji baridi kali na umeme wa mapigo mafupi mafupi. Kikwazo hicho kilivunjwa mwaka 1970, pale kundi la Zhores Alferov mjini Leningrad, na kwa upande wao Izuo Hayashi na Morton Panish wa Bell Labs, walipotengeneza dayodi zilizowaka mfululizo katika joto la kawaida la chumba. Bila hatua hiyo kusingekuwa na CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, wala DVD iliyofuata mwaka 1996, wala Blu-ray ya mwaka 2006.

Historia hii ina faida kwa anayechomoa spea, kwa sababu kila kizazi cha sahani kilikuja na dayodi yake. CD husomwa kwa mwanga wa infraredi wa nanometa 780, DVD kwa mwanga mwekundu wa nanometa 650, na Blu-ray kwa mwanga wa urujuani wa nanometa 405. Sababu ni nafasi. Mistari ya CD imeachana kwa mikrometa 1.6, ya DVD kwa mikrometa 0.74, na ya Blu-ray kwa mikrometa 0.32. Kadiri mistari inavyosogeleana, ndivyo nukta ya kuisomea inavyotakiwa kuwa ndogo, na nukta ndogo hutaka mawimbi mafupi.

Tofauti nyingine ni kati ya mashine inayosoma tu na ile inayochoma sahani. Dayodi ya kusomea hutoa miliwati chache. Dayodi nyekundu ya mashine ya kuchomea DVD inaweza kuzidi miliwati 100. Kwa macho zinafanana kama pacha, lakini moja inatosha kwa kengele ya mwizi na nyingine inaweza kuunguza plastiki nyeusi.

Jambo la tatu ni kwamba lenzi ya deki, kama mafundi wanavyoiita sehemu nzima ya kusomea, mara nyingi huwa na dayodi mbili: moja ya CD na moja ya DVD. Wakati mwingine zote mbili zimo ndani ya kopo moja. Hapa pana chanzo kikubwa cha mabishano. Anayelisha umeme upande wa infraredi hataona mwanga mwekundu wa kutosha, naye atasema dayodi imekufa ilhali inafanya kazi yake sawasawa.

Inavyowaka na inavyokufa

Dayodi ya leza ina tabia ambayo taa ya LED haina: kizingiti. Chini ya mkondo fulani, hutoa mwanga hafifu unaosambaa kama wa LED. Mkondo ukivuka kizingiti, mwanga hupanda ghafla, na kila miliampea inayoongezwa huzaa nyongeza kubwa. Kwa dayodi ndogo za kusomea, kizingiti huwa makumi machache ya miliampea, na mkondo wa kazi hauko mbali juu yake. Nafasi kati ya kufanya kazi na kufa ni nyembamba, na ndani ya nafasi hiyo ndimo kipimo chote kinamofanyika.

Vifo vyake ni vya aina nne. Cha kwanza ni kuungua kwa vioo. Ndani ya dayodi mwanga hurudi na kwenda kati ya nyuso mbili za fuwele zilizo laini kama kioo. Mwanga ukizidi, uso mmoja huanza kuufyonza, hupata joto, hufyonza zaidi, kisha huyeyuka. Yote hayo hutokea kwa muda usioweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Baada ya hapo dayodi bado hupitisha umeme na bado huwaka, lakini haina kizingiti tena: imegeuka LED dhaifu. Huyu ndiye maiti anayetembea, na ndiye anayewadanganya wengi.

Cha pili ni umeme tuli. Binadamu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli inapofika maelfu ya volti, na dayodi inaweza kuumia kwa kiasi kilicho chini sana ya hicho. Kuna nyakati haifi papo hapo, bali hujeruhiwa na kufa siku nyingine. Ndiyo sababu lenzi mpya za deki huja na tone la lehemu linalounganisha miguu ya dayodi, ambalo fundi huliondoa akishaifunga mahali pake. Hatari hii hupungua kwenye unyevunyevu wa pwani, na huongezeka msimu wa kiangazi katika miji ya bara, hasa kwa aliyekalia kiti cha plastiki.

Cha tatu ni umeme wa kinyume. Dayodi nyingi nyekundu na za infraredi huvumilia takriban volti 2 tu zikigeuzwa chanya na hasi. Cha nne ni joto na uzee. Joto hupandisha kizingiti, na vipimo vya kiwandani huandikwa kwa nyuzi joto 25, wakati benchi la fundi Dar es Salaam adhuhuri huwa limepita hapo. Uzee nao hupandisha kizingiti polepole, mpaka saketi ya deki inashindwa kufidia.

Msimamo wa kwanza: mita inatosha

Wanaosimama hapa wana hoja nzuri. Mita ya tarakimu ikiwekwa kwenye alama ya dayodi hupitisha takriban miliampea 1 tu, mkondo usioweza kuua. Husema mara moja kama dayodi imekatika au imepiga shoti. Zaidi ya hayo, inasaidia kuitambua miguu. Dayodi ya infraredi huonyesha takriban volti 1.5, nyekundu hukaribia 2, ilhali dayodi pokezi ya silikoni, ambayo makopo mengi ya leza huwa nayo ndani kwa ajili ya kupimia mwanga, huonyesha kama 0.6. Kwa dakika moja na bila gharama, fundi amepata ramani ya kopo lote.

Udhaifu wake uko pande mbili. Kwanza, mita humwita hai aliyekufa. Dayodi iliyoungua vioo huonyesha volti zilezile za dayodi nzima, kwa sababu njia ya umeme haikuguswa. Pili, humwita mfu aliye hai. Dayodi za urujuani na za buluu hufanya kazi kwa volti 4 au zaidi, na mita nyingi hazitoi volti za kutosha kuziamsha. Mita itaonyesha njia imekatika, na dayodi nzima itatupwa.

Mita ya mshale inahitaji tahadhari yake. Kwenye kipimo cha ohmu, waya mweusi wa mita nyingi za aina hiyo ndio wenye chanya, kwa hiyo aliyezoea mita ya tarakimu atasoma kinyume. Tena kwenye kiwango cha ×1 mita hiyo inaweza kusukuma makumi ya miliampea, kiasi kinachokaribia mkondo wa kazi wa dayodi ndogo. Kwenye kiwango cha ×10K, nyingi hutumia betri ya ziada yenye volti zinazozidi mbali uvumilivu wa dayodi iliyogeuzwa. Kwa kazi hii, mita ya tarakimu ndiyo salama.

Msimamo wa pili: betri, rezista, tuone inawaka

Hii ndiyo njia ya mtaani, na umaarufu wake una sababu. Vifaa vyake vinapatikana kila duka la spea, na jibu lake linaonekana kwa macho. Kwa dayodi nyekundu ya kusomea, ni kipimo kinachoweza kufaa, mradi hesabu ifanywe.

Hesabu yenyewe ndiyo wengi huiruka. Tuchukue dayodi inayotumia volti 2.2, na lengo ni miliampea 40. Kwa betri mbili ndogo za volti 3 kwa jumla, zinabaki volti 0.8, na rezista ya ohmu 20 inatoa miliampea 40 barabara. Lakini betri mpya zinaweza kufika volti 3.2, na hapo mkondo unapanda hadi miliampea 50. Robo nzima imeongezeka kwa tofauti ya volti 0.2 tu. Sasa tuchukue betri ya volti 9 na rezista ya ohmu 170. Tofauti ileile ya volti 0.2 inausogeza mkondo kwa miliampea 1 hivi. Betri kubwa yenye rezista kubwa, ambayo wengi huiogopa, inashikilia mkondo vizuri zaidi kuliko betri ndogo yenye rezista ndogo. Sharti ni rezista isipige shoti, na miunganisho iwe ya lehemu, si ya kushikilia kwa vidole. Waya unaogusa na kuachia hupeleka mapigo ya umeme, na mapigo ndiyo yanayoua.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba huishia kwenye neno "inawaka". LED nyekundu nayo inawaka. Hata hivyo ipo alama ambayo jicho linaweza kuitambua kwenye karatasi nyeupe. Mwanga wa leza huonekana wenye punjepunje zinazometa, kana kwamba karatasi imenyunyiziwa mchanga unaong'aa, na punje hizo husogea kichwa kinaposogea. Mwanga wa LED ni laini, hauna punje. Anayetumia betri akiangalia punje hizo, badala ya ukali wa mwanga peke yake, amekwishapiga hatua kubwa kuelekea jibu la swali la pili. Lakini hajui kama dayodi inazitoa punje kwa miliampea 35 kama ilivyozaliwa, au kwa 55 kwa sababu imechoka.

Msimamo wa tatu: dhibiti mkondo, chora grafu

Kundi la tatu linasema dayodi ya leza ni kifaa cha mkondo, kwa hiyo ipimwe kwa mkondo. Chombo chao cha msingi si ghali: ni kidhibiti cha LM317, kinachoshikilia volti 1.25 juu ya rezista moja. Rezista ya ohmu 25 inatoa miliampea 50, ya ohmu 10 inatoa 125. Betri ikipungua au dayodi ikipata joto, mkondo haubadiliki, ilimradi umeme unaoingia uzidi volti za dayodi kwa takriban volti 3 na nusu au zaidi.

Kabla ya kuunganisha dayodi yenyewe, huweka dayodi bandia: dayodi nne za kawaida za 1N4001 zilizofuatana, pamoja na rezista ya ohmu 1. Zote pamoja hula volti zinazokaribiana na za dayodi nyekundu, na kila milivolti juu ya rezista hiyo ni miliampea 1. Saketi ikikosewa, anayeungua ni mfano wa bei ya pipi. Hatua hii moja imeokoa dayodi nyingi kuliko hodari wa lehemu yeyote.

Kisha inakuja grafu. Mkondo unapandishwa ngazi kwa ngazi, na mwanga unasomwa kwa kipande cha sola cha kikokotoo au cha taa ya bustani, kilichounganishwa na mita iliyowekwa kwenye kipimo cha miliampea, kikiwa umbali uleule kila mara. Hakuna haja ya kujua miliwati kamili, kinachotafutwa ni umbo. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, mita ya sola inasoma 1, 2, 3 kwa miliampea 20, 25, 30, kisha 5 kwa 35, halafu 30 kwa 40 na 60 kwa 45. Pale mstari ulipopinda, baada ya 35, ndipo kizingiti kilipo, na dayodi hiyo ni leza. Kama masomo yangeenda 1, 2, 3, 4, 5, 6 bila kupinda, tungekuwa na maiti anayetembea, hata kama nukta yake inapendeza ukutani. Mstari ukipinda kisha ukalala kabla ya kufika mkondo wa kazi, dayodi ina joto au imejeruhiwa, na haifai kusukumwa zaidi.

Grafu inakuwa na nguvu zaidi ikipata cha kulinganisha nacho. Baadhi ya lenzi za CD za Sony zina kibandiko chenye tarakimu zinazotaja mkondo wa kazi siku ya kutoka kiwandani: 475 ikimaanisha miliampea 47.5. Dayodi inayohitaji mkondo uliozidi huo kwa mbali ili kutoa mwanga uleule imezeeka. Hata aina ya mwanga inaweza kupimwa bila mashine ya maabara. CD yenyewe, kwa mistari yake ya mikrometa 1.6, hutawanya mwanga kwa pembe inayotegemea urefu wa wimbi. Mwali ukiipiga CD wima, mwekundu wa nanometa 650 hupinda takriban nyuzi 24, wa urujuani wa 405 takriban nyuzi 15. Sahani iliyokuwa ikisomwa na dayodi sasa inaisoma dayodi.

Njia hii nayo ina gharama zake. Inataka muda, mpangilio na subira, vitu ambavyo fundi mwenye foleni ya wateja hana. Pia ina mitego. Kapasita iliyowekwa kwenye njia ya kutokea humeza umeme dayodi ikiwa haijaunganishwa, kisha huumwaga wote mara moja dayodi inapoguswa. Hata mashine za umeme za benchi, zenye kitufe cha kuweka ukomo wa mkondo, zina kapasita hiyo ndani. Anayefungua volti kwanza na kugusa dayodi baadaye ataiua huku skrini ikionyesha miliampea 40 kwa utulivu kabisa. Utaratibu salama ni kuunganisha kwanza kwenye volti sifuri, kisha kupandisha. Mwisho, grafu haisemi dayodi itadumu siku ngapi. Inaonyesha afya ya leo, si umri uliobaki.

Msimamo wa nne: kipya kinyemi

Kundi la nne linaona mjadala wote ni kupoteza muda. Dayodi mpya ina karatasi ya vipimo, kizingiti chake kinajulikana, na haina historia ya mateso. Kwa mashine ya kuchora mbao itakayofanya kazi saa nyingi kila siku, hoja hii ina uzito wa kweli. Dayodi moja iliyokufa katikati ya kazi ya mteja inaweza kugharimu zaidi ya ilivyookoa.

Lakini upya si dhamana ya ukweli wa lebo. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima kalamu 122 za leza zilizouzwa madukani. Takriban asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 ya nyekundu hazikukidhi kanuni za usalama za nchi hiyo. Zilikuwa mpya, na zilikuwa na maandishi. Aliyenunua mpya bila kupima anategemea neno la muuzaji, kama vile aliyechomoa bila kupima anavyotegemea bahati. Zaidi ya hayo, anayeanza na dayodi mpya hulipia makosa yake kwa bei ya dukani. Anayeanza na dayodi za deki chakavu hulipia makosa yaleyale kwa vitu vilivyokuwa vinaelekea jalalani. Kama shule, dayodi iliyochomolewa haina mshindani.

Gharama isiyohesabika: jicho

Misimamo yote minne hushindana kuhusu uhai wa dayodi, na mara nyingi husahau uhai wa jicho linaloitazama. Hapa hapana nafasi ya kubishana, kwa sababu retina iliyoungua haioti tena, na kuungua kwenyewe huenda kusiume hata kidogo.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 hupanga leza kwa madaraja. Mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1 uko daraja la 2, ambapo kope huhesabiwa kufunga kabla ya madhara. Mpaka miliwati 5 ni 3R, mpaka 500 ni 3B, na zaidi ya hapo ni daraja la 4. Deki nzima huwa daraja la 1, salama kabisa, si kwa sababu dayodi yake ni dhaifu bali kwa sababu imefungiwa. Fundi anapoitoa, anaondoa ulinzi wote kwa bisibisi moja. Dayodi ya kuchomea DVD iliyo mezani iko 3B.

Hatari mbaya zaidi ni ya infraredi. Kwenye nanometa 780 jicho huona wekundu hafifu tu, ilhali nguvu yote inafika kwenye retina, na kope haina sababu ya kufunga. Anayechungulia ndani ya kopo ili aone "kama inawaka" anafanya kosa kubwa kuliko yote. Kamera ya simu inaweza kusaidia kuuona mwanga huo ukiwa juu ya karatasi. Kamera nyingi za nyuma zina kichujio cha infraredi, kwa hiyo ijaribiwe kwanza kwa rimoti ya televisheni: kama taa ya rimoti inaonekana kwenye skrini, kamera hiyo inafaa.

Tahadhari nyingine zinafuata mantiki hiyohiyo. Dayodi isiyo na lenzi ya kukusanya mwanga husambaza mwali wake kwa upana, na ukali hupungua haraka kwa umbali, hivyo kipimo cha kwanza kifanyike bila lenzi. Chumba kiwe na mwanga, ili mboni ya jicho iwe ndogo. Benchi liwe chini ya usawa wa macho, na pete, saa na bisibisi zinazong'aa ziondolewe njiani. Miwani ya jua haikingi. Miwani ya leza nayo hukinga mawimbi iliyoandikiwa tu, kwa hiyo ile ya buluu haiwezi kuaminiwa kwa nyekundu. Na kopo lisipasuliwe wala kuchomwa moto, kwani fuwele za dayodi za infraredi zina aseniki.

Kwenye mizani

Tukiziweka hoja zote pamoja, tunaona kwamba mita, betri na grafu si wapinzani. Ni vidato vya ngazi moja, na kosa la kila kundi ni kusimama kwenye kidato chake na kutangaza kwamba limefika darini.

Kuna hata kidato cha chini kabisa ambacho kila kundi hukisahau: kupima kabla ya kuchomoa. Deki isiyosoma si lazima iwe na dayodi mbovu. Huenda lenzi ina vumbi, mota imechoka, au mkanda wa waya umekatika. Deki inayosoma DVD lakini inakataa CD inasema dayodi nyekundu ni nzima na ya infraredi inashukiwa, kabla ya bisibisi kugusa skrubu. Nayo deki ambayo fundi aliwahi kuizungushia kirekebishi kidogo cha pembeni ya lenzi ili "isome tena" inasema dayodi yake ilikwisha kusukumwa kwa mkondo mkubwa, na maisha yake yamefupishwa. Historia ya mashine ni kipimo cha bure, na hupotea dakika dayodi inapotupwa kwenye kopo la spea pamoja na nyingine.

Baada ya hapo, kina cha kipimo kifuate kazi. Kwa kengele ya mwizi au somo la mwanga darasani, dayodi nyekundu ya kusomea inatosha, na mita, betri ya volti 9 yenye rezista iliyohesabiwa, na jicho linalotafuta punjepunje kwenye karatasi vinatoa jibu la kutosha. Ikikosea, hasara ni ndogo. Kwa kuchora au kukata, ambako dayodi ya kuchomea hukaribia mpaka wake, grafu ni lazima, pamoja na koti la metali la kuondoa joto na miwani sahihi. Na kwa kazi ya biashara inayotegemewa kila siku, msimamo wa nne unashinda: inunuliwe mpya, lakini ipimwe nayo, kwa grafu ileile.

Lililo gumu kukubali ni kwamba kila kipimo kinachosema mengi zaidi kinahitaji mkondo mkubwa zaidi, na kwa hiyo kinahatarisha zaidi. Mita haiui lakini haijui leza. Grafu inaijua leza lakini inaikaribia hatari ili kuijua. Hakuna njia ya kukwepa biashara hiyo. Kinachowezekana ni kupanda polepole na kusimama mara kizingiti kinapoonekana na kuvukwa kidogo, bila kutafuta mwisho wa dayodi uko wapi, kwa sababu mwisho wake hujulikana mara moja tu.

Kwa muhtasari

Mkanganyiko kuhusu dayodi za leza zilizochomolewa unatokana na kuchanganya maswali matatu. Kama umeme unapita, mita ya tarakimu inajibu, isipokuwa kwa dayodi za buluu na urujuani. Kama ni leza kweli, punjepunje kwenye karatasi zinadokeza, na grafu ya mwanga na mkondo inathibitisha. Kama itadumu, hakuna kipimo cha mezani kinachojibu. Kibandiko cha kiwandani na historia ya mashine hutoa fununu tu, na mradi upangwe kwa kulikubali hilo. Juu ya yote, hakuna jibu la swali lolote kati ya hayo linalofaa kutafutwa kwa kuchungulia ndani ya kopo.

Kwa hiyo anayepewa dayodi kutoka kwenye kopo la spea asiridhike na jibu la "inawaka". Aulize inaanza kuwa leza kwenye miliampea ngapi. Asiyeweza kulijibu swali hilo hajaipima bado. Na anayetaka kulijibu mwenyewe anahitaji LM317 moja, dayodi nne za kawaida, kipande cha sola na karatasi ya grafu.